Mzee Liang na Upande wa Nyuma wa Karatasi za Kunming

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Mzee Liang Shaoqiu, mpima muda wa kituo chetu cha riadha hapa Guangzhou, atavua kamba ya stopwochi shingoni baada ya kuivaa kwa miaka ishirini na miwili. Programu ya sherehe imeandikwa kwa Kichina. Ukurasa huu mmoja wa Kiswahili ameuomba mwenyewe, na akaomba niuandike mimi. Nilidhani ananitania. Wasomaji wakifika katikati wataelewa kwa nini.

Mzee Liang alizaliwa mwaka 1938. Kiswahili alijifunza Tanzania kati ya mwaka 1970 na 1975, alipokuwa akishika fito za wapimaji wa reli iendayo Zambia, kwanza Mlimba, kisha Makambako. Ndiyo maana wakimbiaji wetu kutoka Afrika Mashariki hupigwa na butwaa siku ya kwanza wanapopokelewa getini na Mchina anayewaamkia "shikamoo". Huwaamkia hivyo wote, hata wa miaka kumi na minane. Aliwahi kueleza kwamba Makambako alichekwa sana kwa kumnyima shikamoo mama mmoja aliyemdhania msichana, na tangu hapo ameona ni salama zaidi kuigawa bure.

Huko huko Makambako ndiko alikoanza kupima watu wakikimbia. Jumapili vibarua walishindana mbio fupi za kurudiarudia kando ya tuta. Kulikuwa na seremala mmoja ambaye Mlimba, kwenye joto la bondeni, hakuna aliyemfikia hata raundi ya sita. Kambi ilipohamia Makambako, kwenye baridi na milima, seremala yule alishinda raundi ya kwanza kama kawaida, na raundi ya nne akawa wa mwisho, ameshika magoti. Wenzake walisema amerogwa. Mzee Liang aliandika muda wake, akaandika pia kwamba kati ya raundi na raundi seremala alikuwa bado anahema wenzake walipoitwa mstarini. Daftari lile analo mpaka leo, limeandikwa pande zote mbili za kila karatasi, kwa kuwa kambini karatasi zilikuwa chache.

Kituoni kwetu aliajiriwa mwaka 1976. Hakuna stopwochi iliyoingia stoo bila yeye kuijaribu. Mwaka juzi tulikwenda pamoja mtaa wa Yide Lu kununua stopwochi kumi na mbili. Alisimama mbele ya duka saa nzima, akazibonyeza zote, mbili mbili kwa pamoja, akarudisha kumi na moja. Mwenye duka alimwambia laoban mwenzake wa duka la jirani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mzee huyu hata mkewe lazima alimpima kabla ya kumwoa. Mzee Liang alijibu kwamba ndiyo, na alichelewa dakika nne.

Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemshuku. Ninasema "tuliyemshuku", lakini wa kwanza nilikuwa mimi.

Oktoba 1997 wakimbiaji wanane wa mbio ndefu, wote wasichana, walipelekwa Kunming kwa wiki sita. Kunming iko karibu mita elfu moja na mia tisa juu ya usawa wa bahari, na makocha huwapeleka huko ili damu yao izoee hewa nyembamba. Ili miguu isisahau kasi, ratiba iliweka kila Jumanne na Ijumaa mikimbio minane ya mita mia mbili, kwa nguvu zote, na mapumziko ya sekunde tisini baada ya kila mmoja. Saba walikuwa Wachina, chini ya mpima muda mwingine. Wa nane alikuwa Evaline, mwanafunzi wa ufadhili kutoka Mbulu, na kwa sababu ya lugha aliwekwa chini ya Mzee Liang.

Kila jioni karatasi zao zililetwa ofisini kwetu Guangzhou kwa faksi, nami nikizipiga taipu. Wiki ya tatu vidole vyangu vilisimama. Wale saba walianza na sekunde ishirini na tisa na nusu na kuishia thelathini na nne. Evaline alianza na ishirini na tisa nukta tatu, na mkimbio wa nane ulikuwa ishirini na tisa nukta nane. Hapa Guangzhou, kwenye hewa nzito, hajawahi kuumaliza wa nane chini ya thelathini nukta tisa. Ilikuwaje msichana ahimili vizuri zaidi mahali ambapo hewa haitoshi?

Nilifunga mlango wa ofisi, nikazisoma tena. Nikakumbuka kwamba Mzee Liang humletea Evaline mchele wa uji kutoka kwake, na humwita binti. Nikakumbuka kwamba mimi na Evaline tunatoka nchi moja. Nikawaza kwamba siku jambo hili likigunduliwa na mwingine, swali la kwanza litakuwa kwa nini karani aliyeupiga taipu ule uongo alinyamaza. Nikaandika barua kwa Mkuu wa Mazoezi, Bwana Fang. Niliandika kwa uangalifu mkubwa. Sikusema "ametunga". Nilisema "inaonekana nyakati hizi hazilingani na hali ya mahali". Nikatia sahihi.

Bwana Fang aliisoma akiwa amesimama. Aliagiza Evaline apimwe mkojo, na akapimwa mara tatu, wala hakukutwa na kitu. Basi, alisema, kama msichana ni safi, kilicho kichafu ni saa. Barua yangu akaiweka kwenye faili la Mzee Liang. Hapa kila mfanyakazi ana faili ambalo haonyeshwi yaliyomo, na linamfuata kila aendako hata baada ya kustaafu. Kisha akanituma Kunming. Kwa nje nilikwenda kutafsiri. Ndani ya koti nilikuwa na stopwochi.

Nilisafiri siku mbili kwa treni. Bwenini kwao nilipandisha begi ghorofa tatu tu, nikalazimika kuketi kwenye ngazi hadi moyo uache kunigonga masikioni. Evaline alinikuta hapo. Alinitazama, akatazama mfuko wa koti uliovimba.

"Kaka Gaudence, umekuja kutafsiri au kunipeleleza?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kutafsiri. Alisema vizuri, basi nianze kwa kuitafsiri hiyo saa mfukoni.

Ijumaa nilisimama nyuma ya wavu wa uwanja. Nilipima mikimbio yote minane kwa siri, mkono mfukoni. Nyakati zangu na za Mzee Liang hazikupishana zaidi ya sehemu mbili za kumi. Saa ilikuwa safi. Badala ya kufarijika nilizidi kushuku, kwa kuwa sasa nilianza kuangalia kile ambacho sikutumwa kukipima. Wale saba walipuliziwa filimbi kila sekunde tisini, na walikuwa wakirudi mstarini midomo wazi. Evaline hakupuliziwa. Mzee Liang alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake ya pili, akasubiri. Baada ya mkimbio wa pili alisubiri dakika mbili na sekunde kumi. Baada ya wa saba, dakika tatu na ishirini. Ratiba iliyotiwa sahihi na Bwana Fang ilikuwa inavunjwa mchana kweupe.

Alijua nipo. Aliniita bila kugeuka. Nikatoka nyuma ya wavu, koti limenilowa jasho ingawa kulikuwa na baridi.

"Shika mkono wake, hesabu mwenyewe," aliniambia.

Nikahesabu. Mapigo mia moja sabini na mawili kwa dakika. Akaniambia niendelee, na niseme yakifika mia na ishirini. Nilisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mwili wa kijana mwenye afya unaweza kumsubirisha mtu. Wakati huo wote alinieleza, kwa Kiswahili chake cha Makambako, kwamba mkimbio mmoja wa kasi haumwogopi mlima. Sekunde thelathini mtu hukimbia kwa akiba aliyonayo miguuni, na hewa ikiwa nyepesi humzuia kidogo kuliko hewa nzito. Kinachotaabika ni mapumziko. Akiba hurudishwa kwa pumzi, na pumzi ya huku ni haba. Ukimpa mtu sekunde tisini za Guangzhou akiwa Kunming, mkimbio wa tano si wa kasi tena, ni wa kujikokota, na anashuka mlimani damu ikiwa nzuri na miguu ikiwa imesahau.

Nilimuuliza kwa nini basi karatasi zake zinasema sekunde tisini. Aliigeuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na kila kitu. Mapumziko yote, kwa dakika na sekunde, mapigo ya moyo mwanzo na mwisho, tangu Jumanne ya kwanza. Mbele, kwenye safu ya mapumziko, "90" ilikuwa imechapwa tayari katika kila mstari. Fomu ile niliichapa mimi, na nilijaza "90" mapema ili kuokoa muda. Na mashine ya faksi husoma upande mmoja.

Nilirudi Guangzhou na karatasi kumi na mbili mkobani, na sikuuachia mkoba ule hata nilipokwenda msalani. Mbele ya Bwana Fang nilizipanga zikiwa zimelala kifudifudi. Alizisoma polepole. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanisumbua.

"Asiye na la kuficha haandiki nyuma ya karatasi."

Mzee Liang alipoitwa alisema kwamba mbele hapakuwa na nafasi, na kwamba yeye huandika pande zote mbili tangu zamani. Ni kweli, daftari lake ni ushahidi. Lakini mwaka 1994 alipeleka pendekezo la kurefusha mapumziko ya nyanda za juu, na lilikataliwa. Na faksi ile ameitumia miaka sita. Je, hakujua kwamba inasoma upande mmoja? Mimi nimemuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinimiminia chai.

Bwana Fang hakumwamini mtu, na tuna haki ya kumshukuru kwa hilo, kwa sababu aliamua kupima mwenyewe. Machi mwaka huu alipanda Kunming na stopwochi yake. Wasichana wanne walipumzika sekunde tisini, wanne walipumzika hadi mapigo yashuke. Sitaki kutia chumvi. Wa kundi la pili mmoja alipata mafua akarudishwa, na mmoja hakubadilika. Lakini Evaline, aliyekuwa akikimbia mita elfu tano kwa dakika kumi na sita na sekunde thelathini na moja, Mei alikimbia hapa kwa kumi na sita na sekunde mbili, na mzunguko wa mwisho aliukimbia kama mtu aliyeitiwa chakula. Kundi la kwanza lilishuka na pumzi nzuri na miguu mizito. Fomu mpya imechapwa. Safu ya mapumziko iko mbele, na iko wazi.

Ilibaki barua yangu. Mzee Liang anataka kuwafundisha watoto mbio katika shule ya msingi iliyo karibu na kwake, na shule ilisema itasubiri kuliona faili. Bwana Fang hakuweza kuiondoa barua. Kwa utaratibu wa kituo, karatasi ya shaka hufutwa na aliyeiandika tu, kwa barua nyingine yenye sahihi, na nakala ya hiyo ya pili huingia kwenye faili la mwandishi kama taarifa ya kosa. Mkataba wangu unahuishwa Julai.

Niliahirisha wiki tatu. Dada Martina, mfanyabiashara wa nguo kutoka Moshi anayenunua mizigo mtaa wa Guangyuan Xilu, na ambaye humpa kila mtu ushauri, aliniambia niache. Alisema mzee anakwenda kupumzika, faili litamdhuru nini, na mwenye viza ya kuhuishwa ni mimi. Nilitaka sana kukubaliana naye. Kisha nikasikia kwamba Mzee Liang ameshanunua filimbi ya watoto, na kwamba hajauliza lolote juu ya faili, wala hajanitajia barua, ingawa siku alipoitwa ilikuwa mezani kwa Bwana Fang, na mwandiko wangu anaujua.

Jumatatu tarehe 8 Juni nilimpelekea Bwana Fang barua ya pili. Aliniuliza kama ninafahamu inakwenda wapi nakala yake. Nilisema ninafahamu. Akapiga muhuri zote mbili. Shule imejibu wiki iliyopita. Mzee Liang anaanza Septemba.

Kwa niaba ya wakimbiaji wa Afrika Mashariki waliopita mikononi mwake, na kwa niaba yangu, ninasema ahsante kwa kila sekunde aliyotupimia bila upendeleo. Mzee wetu, tunakuombea miguu isiyouma, mke atakayekusamehe zile dakika nne, na watoto wenye subira ya kungoja filimbi. Barua ile ya Novemba iliyokushuku imefutwa. Niliiandika mimi, na hapa, mbele ya wote watakaoshika programu hii, nakuomba radhi.

Gaudence Mrema
Karani na mkalimani, Ofisi ya Mazoezi