Salamu ya Pili ya Sista Nyanjige

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuvaa sare ya uuguzi, mwenzetu Nyanjige Mihayo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia hapa kituoni kwetu Bariadi, kwenye kliniki ya afya ya akili. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake ni Josia wa maabara, jirani yake wa ukuta kwa muda wote huo, na ninaandika dirisha likiwa wazi. Ni msimu wa pamba. Malori yanapita kwenda kiwandani, na nyuzi nyeupe zinaelea hewani taratibu, zinatua kwenye nywele za watu, kwenye darubini yangu, kwenye chai. Mchana wa namna hii mtu anaota akiwa macho, kwa hiyo mnivumilie nikitangatanga.

Sista alizaliwa Nkoma, wilayani Itilima, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Hutusimulia jinsi mavuno yalivyojazwa chumbani mpaka watoto wakalala juu yake, na jinsi familia nzima ilivyokaa kuyachambua, pamba safi upande huu, fifi, ile yenye madoa, upande ule. Mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mikono yake ikishazama kwenye pamba alianza kusema yaliyomlemea, polepole, bila kumtazama mtu, na watoto walisikiliza huku usingizi ukiwachukua. Sista anasema uuguzi aliujifunza pale, na chuo kilikuja kumwongezea dawa na sindano.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lamadi, alikozalisha wake za wavuvi na kushona majeraha ya madereva wa barabara kuu. Huko ndiko alikompata Constantine, fundi wa mitumbwi, aliyekuja kufungwa kidole na akaendelea kuja hata kidole kilipokuwa kimepona kabisa. Walioana. Baadaye alihamia wodi ya wazazi kule Nyalikungu, Maswa, na akiwa huko aliomba mwenyewe kwenda kusomea afya ya akili. Wenzake walimshangaa, maana wakati ule ilikuwa kazi ya kukimbiwa. Aliporudi na cheti aliletwa kwetu.

Chumba alichopewa watu walikiita kwa vichaa, na walikizunguka kwa mbali. Jambo la kwanza alilofanya ni kukibatiza Kliniki ya Ijumaa, na mtumishi yeyote aliyeteleza akataja jina la zamani alitumwa kumwagilia mche wa mwarobaini alioupanda barazani. Daktari wetu Marcelo aliteleza kuliko wote. Kivuli kinene tunachokikalia leo ni kazi ya ulimi wake, na yeye mwenyewe hujisifia.

Ila jina lilikuwa jambo dogo. Kazi kubwa ilikuwa salamu. Wasukuma tunajijua: ukimuuliza mtu hali ataitika mhola, yaani salama, hata kama paa la nyumba yake linaungua, na akishaitika ndipo ataomba maji. Wagonjwa wa Sista walifika wamekonda, hawalali, wamebebwa na ndugu, na wote walikuwa mhola. Waliketi mbele ya meza yake, wakaitazama sakafu, wakaondoka na siri zao.

Basi akaitoa meza nje. Akaweka benchi chini ya mwarobaini, akaleta kiroba cha pamba kutoka kwao ili watu wachambue wakisubiri. Nyuzi zikaingia maabara, nikapiga kelele, akabadilisha akaleta dengu. Mgonjwa na Sista walikaa bega kwa bega, ungo katikati, wakitoa mawe na vijiti. Alimsalimu alipofika, akapewa mhola yake, akaipokea kwa heshima. Halafu walichambua. Muda ukipita, mikono ikishazoea, alimsalimu tena kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Hiyo ndiyo salamu ya pili, na majibu yake yalikuwa mengine kabisa. Jioni, benchi likiwa tupu, Sista aliyarudisha mawe na vijiti vyote ndani ya dengu, akavichanganya vizuri, ili wa Ijumaa ijayo wawe na kazi.

Gloria wetu wa jikoni hakulijua hilo alipoajiriwa. Wiki yake ya kwanza, Ijumaa ambayo Sista aliitwa safarini kabla ya kuzichanganya, aliona dengu nzuri zimekaa kwenye ungo tangu asubuhi, zimechambuliwa hazina doa, akaona ni zawadi ya Mungu akazipika zote. Tulizila na kuzisifu. Ijumaa iliyofuata Milembe, mkulima wa Nkoma, alimleta mumewe Selestini. Ukame ulikuwa umeondoka na karibu ng'ombe wake wote, na mwanamume huyo alikuwa ameacha kula, ameacha kusema, na asubuhi hakuona sababu ya kuamka. Milembe alikuwa ameanza kuficha kamba za nyumbani. Selestini aliitika mhola duhu, salama tu, akainamisha kichwa. Na ungo ulikuwa mtupu.

Gloria aliposikia alichofanya alikimbilia jikoni, akarudi na mchele wa chakula chetu cha mchana uliokuwa bado haujachaguliwa mawe. Selestini alichagua punje kwa punje. Saa sita ilipita. Saa nane ilipita, matumbo yetu yakinguruma hadi maabara, na hakuna aliyethubutu kwenda kuudai ule mchele. Nakumbuka mwanga ukipenya kwenye majani na kutua juu ya mikono yake, na ule weupe wa mchele, na nyuzi za pamba zikishuka juu ya vichwa vyao viwili kimya kimya. Kisha Sista akamsalimu tena. Tulikula saa kumi, na Gloria alipakua huku analia, maana Selestini alikuwa amesema yote, na kilio chake tulikisikia vyumba vyote.

Sista hakuwahi kudai kwamba ungo ni dawa. Selestini alionwa na daktari siku ile ile, akaanzishiwa vidonge, akarudi kila Ijumaa kwa miezi mingi, na Milembe alifundishwa dalili za kuangalia. Lakini Sista alishikilia kwamba maumivu ya moyo yasingojwe mpaka yamwangushe mtu. Aliyahubiri hayo makanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na hasa kwenye majosho siku za kuogesha mifugo, anakowapata wanaume wote kwa pamoja na hawana pa kukimbilia. Ng'ombe akikataa majani siku mbili mnamwita mtaalamu, huwaambia. Mtu akikataa ugali mwezi mzima mnasema ana kiburi. Wanaume hucheka. Wiki inayofuata mmoja wao huonekana barazani, anadai amekuja mjini kununua dawa ya kupe.

Sasa niseme lililotukaa rohoni tangu tarehe ya kustaafu ilipotangazwa. Nyumba anayorudi kuishi kule Nkoma alianza kuijenga na Constantine, na Constantine alifariki mwaka juzi kabla bati halijapigwa. Watoto wako mbali kwa kazi zao. Tangu msiba ule Sista amekuwa akiwahi kazini kuliko wote, anafagia baraza ambayo si yake kufagia, na tukimuuliza hali, jibu lake ni lile lile. Mhola duhu. Tulijaribu, jamani. Winnie wa dawa alimjaribu na chai, daktari alimjaribu kwa mizaha, mimi nilijaribu salamu ya pili mwenyewe, akanicheka akaniambia niende nikapime mikojo. Tulianza kuogopa kwamba aliyewafungulia wengine mioyo angeondoka na wake ukiwa umefungwa.

Ijumaa iliyopita ilikuwa kliniki yake ya mwisho. Wagonjwa walipoisha Selestini aliingia getini na gunia begani. Amenenepa, siku hizi analima dengu, na ng'ombe wachache wamerudi zizini. Hakuja kutibiwa. Aliketi benchini, upande ule anaokaa Sista, akamwachia upande wa mgonjwa, akamimina dengu kwenye ungo. Wakasalimiana. Mhola, mhola. Wakachambua, jua likateremka ukutani, na sisi wote tulikuwa madirishani tunajifanya tuna kazi.

Kisha Selestini, bila kuinua uso, akamsalimu tena. "Mayu, mhola?" alisema, kama mtu anavyomsalimu mama yake mzazi.

Mikono ya Sista ilisimama. Halafu akasema hapana, si mhola, anaiogopa asubuhi. Alisema ataamka katika nyumba nzuri ambamo hakuna anayemngoja, na hajui atamuuliza nani hali. Alilia kwa sauti, mwanamke huyu ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata makaburini, na tulilia naye, kila mtu dirishani kwake. Selestini hakumwambia pole. Aliusogeza ungo kidogo upande wake, akaendelea kutoa mawe. Baadaye akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Ijumaa zijazo awasubiri yeye na Milembe kwake, au wao wamsubiri kwao. Kutoka kwake hadi kwao ni shamba moja tu la pamba. Sista alifuta macho kwa ncha ya kanga, akafikiri, akasema waanze wao kuja, maana ungo wake umetoboka.

Sista Nyanjige, tunakushukuru kwa kila uliyemketisha benchini, na kwa sisi uliotuketisha bila sisi kujua kwamba tunatibiwa. Kliniki ya Ijumaa inaendelea chini ya muuguzi Felisita uliyemfundisha mwenyewe, na mwarobaini utamwagiliwa na daktari kama kawaida. Nenda kapumzike. Ulale usingizi mzito, uamke ukijua unangojwa, na miaka yako ya Nkoma iwe mirefu na yenye watu ndani yake. Siku ya sherehe tutakusalimu mbele ya wageni, utaitika mhola, na tutaipokea. Sisi tutakuja kwa zamu kukusalimu mara ya pili.

Zawadi utakayokabidhiwa ni ungo mpya pamoja na gunia la dengu kutoka shambani kwa Selestini. Gloria alitaka kuzichambua kwanza ili zipendeze mezani. Tumemzuia. Mawe yote yamo.

Josia, maabara, kwa niaba ya watumishi wote