Mionzi ya Baba

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililobanwa kati ya meza ya Fundi Simu na kibanda cha Dobi, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi. Kila asubuhi Shangazi hufika na birika lake, na mabishano huanza hata kahawa haijamiminwa. Lakini asubuhi hiyo Fundi alijibwaga kwenye benchi bila salamu. Mwanawe wa kwanza alikuwa na wiki moja duniani, na wenzake walitegemea kumwona anachekacheka peke yake.

— Vipi, baba mtoto? Dobi aliuliza. Mbona uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi?

— Mama mkwe amenipiga marufuku kumshika mwanangu.

Shangazi aliacha kumimina.

— Unasema?

— Eti nina mionzi. Kutwa nashinda na simu za watu, kwa hiyo imeniingia mwilini. Nikimpakata mtoto, nitamwambukiza. Jana nimenyoosha mikono, akamnyakua kama anamwokoa motoni.

— Toba! Na wewe ukasema nini?

— Niseme nini, Shangazi? Mkwe yule!

Pembeni alikaa mzee aliyestaafu udereva. Walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

— Msicheke, alisema. Tangu wasimamishe ule mnara wa simu juu ya ghorofa, mimi usingizi sina.

— Usiku huna kwa sababu mchana unaumaliza hapa, Shangazi alimjibu.

— Haya. Mionzi inakaa kwenye mifupa, shauri yenu. Mtu akizikwa, simu za majirani zinashika mtandao kutoka kaburini.

— Lahaula! Dobi alishika kifua. Ndiyo maana nikipiga pasi mfuko wa shati nasikia muungurumo! Mwenyewe kaondoka na simu, mionzi imebaki!

Fundi hakucheka. Aliitazama mikono yake, mikono inayofungua skurubu ndogo kama punje za mchanga bila kutetemeka. Akaifuta kwenye suruali. Je, kama ni kweli?

— Tena mtoto mchanga ndiye hatari zaidi, Redio aliendelea. Utosi uko laini, mionzi inaingilia palepale. Juzi nilimweleza mama mmoja hapahapa, alikuja kunywa kahawa. Binti yake kajifungua, mkwe wake ni fundi wa...

Akakatika. Vikombe vikabaki hewani.

— Mama yupi? Fundi aliuliza polepole.

— Mnene kiasi... kilemba cha kijani...

— Mzee! Huyo ndiye mama mkwe wangu!

Fundi alisimama, Dobi akamdaka mkono. Hapo ndipo walipomwona mkewe akivuka barabara kwa hatua za mzazi, taratibu, mtoto kifuani.

— Shikamooni. Mume wangu, natoka kliniki. Muuguzi anasema wataalamu bado wanachunguza mambo ya simu, lakini mionzi yake haigandi kwa mtu, wala haiambukizi. Kacheka mpaka kakaa chini. Ila mama hasikii. Anasema kaambiwa na mtu mzima anayejua. Nani huyo?

Macho yote yalimwelekea Redio.

— Ni mimi, mwanangu.

— Na wewe, baba, nani alikwambia?

Redio akamtazama Dobi, Dobi akatazama viatu vyake. Shangazi aliinamisha birika. Hata tone halikutoka. Kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kilisikia magari yakipita.

Mke hakungoja zaidi. Alimweka mtoto mikononi mwa baba yake.

— Shikilia shingo. Ndivyo hivyo.

Mtoto akapiga chafya. Benchi zima likaruka. Fundi peke yake hakusogea.