Daftari Lililomwita Bibi Nusu

Sogeeni wanangu, wote wanne, na wewe kifungua mimba izime hiyo simu maana leo hakuna wa kukutafuta kunizidi mimi. Na wewe wa pili, muuguzi wangu, acha kunishika mapigo kila dakika, moyo huu umefanya kazi miaka themanini na moja, unaijua njia yake. Niwekeeni mto wa pili mgongoni, kisha mniache niseme mpaka mwisho, kwa sababu pumzi iliyobaki nimeipangia kazi na haina nafasi ya ubishi.

Najua mnachongoja. Mnataka kujua kama nimetia saini ile barua ya chuo kikuu, ambayo wanaomba kadi zangu zote za utafiti, yale maboksi mia mbili na sita ya viatu yaliyojaa chumba cha nyuma, na kuahidi kuyapa chumba chenye feni na kufuli, na mlangoni waandike jina la Profesa aliyenifundisha. Kifungua mimba, uliniambia, "Mama, jina ni jina tu, saini kabla hawajabadili nia." Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Nilikuwa naweka akiba ya maneno.

Bibi yangu mzaa mama mtaa mzima ulimwita Nusu, nami utotoni nilidhani ni kwa ajili ya ufupi wake. Utosini alikuwa na kishimo kisichoota nywele, nikimsuka nakitia kidole, naye anacheka, "Hapo ndipo lilipokaa daraja." Ni daraja hilo hilo la reli mnalolivuka mkija kwangu. Alibeba saruji na vyuma kutoka ghala la chini mpaka korongoni, kwa kichwa hicho, akiwa na mama yangu tumboni. Siku moja nikamuuliza kwa nini Nusu, akajibu kama anayetaja bei ya chumvi, "Karani alituandika hivyo sisi wanawake. Mshahara nusu, basi na jina nusu. Mzigo ulikuwa mzima." Nikaenda zangu kucheza, na jibu lile likanitoka kichwani kwa miaka ishirini.

Mnajua nilianza kazi kwenye nyumba ya nyaraka nikisukuma kitoroli cha majalada, nikiwapelekea wasomi mezani walichoomba. Profesa ndiye aliyekuwa ameandika kitabu kikubwa cha daraja lile, nchi nzima ilikisoma, na ndani yake kulikuwa na wanaume waliojenga na mstari mmoja tu, kwamba wanawake walisaidia. Asubuhi moja miwani yake ilivunjika, akaniomba nimsomee daftari la ghala. Nikasoma, "Mizigo sitini, nusu arobaini." Yeye akiandika akasema, "Jumla themanini." Neno likanitoka kabla sijalishika: "Mia, Profesa." Akacheka kwa upole, "Mama wa majalada, nusu mzigo mara arobaini ni mizigo ishirini." Nikamwambia, "Hizo si nusu za mizigo. Hao ni bibi zetu arobaini." Chumba kizima cha wasomi kikaangua kicheko, na mimi nikarudi kwenye kitoroli changu masikio yakiwaka moto.

Lakini naye alikuwa mtu, tumpe haki yake. Jioni alinifuata mlangoni akasema nikitaka kumsahihisha niende shule kwanza. Nikaenda, nina watoto wawili na mmoja mgongoni, nikakaa dawati moja na vijana walioniita shangazi. Miaka saba baadaye nikamletea tasnifu, akairudisha kwa kalamu nyekundu: kumbukumbu ya bibi si ushahidi. Nililia, sitawaficha, nililia jikoni nimeegemea sinki, na baba yenu, fundi viatu asiyependa maneno mengi, akaingia na boksi tupu la viatu akaniambia, "Haya, anza kulijaza." Ndiyo maana mpaka leo daraja zima limo ndani ya viatu vya kike namba saba, ngozi nyeusi.

Nilichokitafuta kilikuwa daftari la upande wa pili. Mzigo ukitoka ghalani unaandikwa, ukifika korongoni lazima mtu aupokee, na yule wa kupokea hana habari nani alilipwa nini, yeye anahesabu vilivyotua chini. Hakuna aliyewahi kuyaweka madaftari hayo mawili meza moja. Nilihangaika miaka tisa, nikafukuzwa na walinzi, nikaambiwa yaliungua, nikaambiwa yaliliwa na mchwa, mpaka mzee mmoja wa idara ya maji akanifungulia stoo, na chini ya magunia ya dawa ya maji yalikuwepo, yameloa pembeni, yanasomeka. Siku ile ile: ghala linasema mizigo sitini, nusu arobaini. Korongo linasema, imepokelewa mizigo mia. Nikapiga kelele hadi mzee wa watu akadhani nimeumwa na nyoka. Nililinganisha siku mia tatu na kumi na mbili, mia tatu na tisa zikakubaliana, na tatu zilizobaki zilikuwa za mafuriko.

Nipeni maji kidogo. Basi.

Kitinda mimba, usianze kucheka, najua unangojea ile ya mpiga chapa. Alikuwa mtu makini mno, akaona mama huyu ameandika neno nusu mara mia sita, akasema kimoyomoyo ngoja nimsaidie, na kila lilipotokea akagonga alama ya hesabu, moja juu, mbili chini. Kwa hiyo nilisimama mbele ya maprofesa watano na tasnifu isemayo kwamba marehemu bibi yangu ½ alizaliwa kando ya mto. Nilisahihisha nakala zote kwa mkono isipokuwa moja, na hiyo ni yako, mwanangu, siku ukiishiwa na raha uifungue.

Siku hiyo Profesa aliyapekua madaftari yote mawili saa nzima, kisha akasimama. Akasema, "Nimefundisha hesabu hii vibaya miaka thelathini. Andikeni mia." Ukumbi ukasimama, wanangu, ukasimama wote, na mimi nikajishika utosi kama mwehu nikitafuta kishimo cha bibi. Baada ya hapo mengine mnayajua: nchi kumi na moja zilizoniita, wanafunzi waliokwenda kufukua madaftari ya migodi na bandari wakakuta nusu zao huko, na vitabu vya shule vilivyofuta neno "walisaidia" vikaandika "walibeba". Nimeshinda. Nalisema kwa kinywa kipana, na anayetaka kuniita mwenye majivuno angoje nizikwe kwanza.

Sasa barua. Profesa nilimsamehe, na kaburi lake nalitembelea, lakini msamaha si kibao cha mlango. Jumanne mlipokuwa makazini mkuu wa maktaba ya chuo alikuja mwenyewe, nikamwambia kadi mtazipata mkiandika neno moja, Nusu, bila jina langu wala la mtu mwingine. Akasema wageni watadhani chumba kimekatwa katikati. Nikamwambia ndivyo nitakavyo, waulize, na mtalazimika kuwajibu kila siku. Alicheka, akapiga simu mbili, akaandika upya, tukasaini. Ipo chini ya godoro. Kifungua mimba, wewe ndiye utakayesimamia kibao kikipigiliwa misumari, na ukikuta wameandika ½, rudi na maboksi yangu yote.

Nyumba ni yenu wanne, sawasawa, na asitokee mjomba wa kuwapimia. Cherehani ya viatu ya baba yenu achukue fundi umeme wetu, wa tatu, ndiye pekee asiyeidharau. Kile kitabu cha kijani ni cha maktaba ya mtaa, nimekaa nacho miaka ishirini na tisa, kirudisheni mkaombe radhi, msitaje ninakolala.

Pumzi inakata... nishikeni mkono. Jeneza langu lina pembe nne. Wanangu wa kiume wawili wabebe, na mabinti zangu wawili wabebe, bega kwa bega, mzigo mzima kila mmoja. Mungu awape migongo imara na macho ya kuona aliyesahauliwa. Awape... kicheko, humu ndani kisikatike. Na yule atakayekaa na kalamu kuandika waliobeba... msimwache peke yake. Simameni nyuma yake mtazame. Aandike wanne.