Siku Benchi Lilipokuwa Tupu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na leo tumsifu taratibu, maana mimi aliniponya taratibu.

Wengi mnanijua. Ni Mama Deo wa hapa hapa Kipatimu, yule aliyekuwa akija kupokea komunyo bega moja limelala upande. Hamkuuliza, kwa adabu yenu. Leo nawaambia. Bega langu la kulia lilianza kuuma kama uchovu wa jembe tu. Nikalipaka dawa ya kuchua, nikaendelea na palizi. Maumivu yakapanda shingoni, yakashuka mpaka kwenye kiwiko, yakahamia kabisa. Gauni nilivalishwa. Kufunga kilemba ilinibidi niinamishe kichwa mpaka mezani, kichwa kiufuate mkono. Mnacheka, hata mimi sasa nacheka. Wakati ule nililia.

Lakini ndugu zangu, kilemba si kitu. Nina mama yangu mzazi ndani, hawezi kujigeuza kitandani. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumpaka mafuta. Kwa mkono ule nilikuwa namvuta badala ya kumgeuza, naye anauma meno. Nikifika mgongoni tu, anasema, "Inatosha, mwanangu." Nami nashukuru moyoni, maana bega linawaka moto. Kaka yangu anayeishi Lindi alikuja, akaona hali, akasema baada ya mavuno atamchukua mama akae kwake. Hakuwa na nia mbaya. Ila mama anataka kumalizia siku zake kwenye vilima hivi, alipozikwa baba, na nilijua akiondoka nitarudishiwa maiti. Nikapiga magoti. Bwana, nipe mkono huu tu, nimtunze mama yangu.

Bwana akajibu, na mimi nikawa nalikatisha jibu lake. Sikilizeni jinsi nilivyofanya.

Kwenye zahanati ya huko bondeni alianza kuja mtaalamu wa viungo kila Jumatano, dada mmoja mpole anaitwa Neema. Yeye si wa vidonge. Anakulaza kitandani, anakukanda, anaunyoosha mkono pole pole, na kila mgonjwa amepangiwa saa nzima. Sasa desturi yetu mnaijua. Huwezi kufika mahali ukakaa kimya. Unasalimia benchi zima, unauliza watoto, unauliza mashamba, unauliza mguu, na kila mmoja anakueleza maumivu yake mpaka na wewe unayasikia mwilini. Bi Zuhura, jirani yangu, na goti lake. Mzee Athumani na kiuno chake, kukaa kunamuuma na kusimama kunamuuma. Ukishayajua hayo yote, utawezaje kujilaza saa nzima wenzako wako nje? Mimi sikuweza. Muda kidogo tu nasema, "Ahsante dada, nimepata nafuu, mwite mwingine." Neema anasema, "Mama, mbona hata sijaanza?" Mimi huyo nimeshaketi, natafuta kandambili zangu kwa miguu.

Kumbe Bi Zuhura akiingia naye anafanya hivyo hivyo kwa ajili ya Mzee Athumani. Na Mzee Athumani anafanya hivyo kwa ajili ya walio nyuma yake! Tulipishana mlangoni kwa heshima zote, na kabla ya adhuhuri kitanda kimebaki kitupu. Tunarudi nyumbani tunasifiana kwa wema wetu. Miezi ikapita, mavuno yakakaribia, na hakuna hata mmoja wetu aliyepona.

Ndipo Bwana akaleta mvua.

Ilikuwa Jumatano ya masika, na barabara yetu ikilowa mnaijua, udongo wote unateleza. Bodaboda walikataa kutoka. Mimi nikashuka kwa miguu, mwavuli mkono wa kushoto. Nafika, benchi tupu. Neema alikuwepo, alikuwa amelala kwa muuguzi tangu jana yake. Kwa mazoea nikaangaza huku na huku nimtafute wa kumsalimia, sikumwona. Nikaingia, nikalala, nikamwambia kama siku zote kwamba nikipata nafuu nitamwambia.

Akaniuliza, "Leo unampisha nani, mama?"

Nikafumba macho.

Mvua ilikuwa inapiga bati, mvua nene isiyo na upepo. Mikono ya Neema ilitulia begani, haikukanda, ilitulia tu. Bega likagoma kama linavyogoma siku zote. Mikono haikuondoka. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi, kisha sikuisikia tena. Sikuwa usingizini wala sikuwa macho. Nikajiona mtoto kijitoni chini ya shamba letu, mama bado kijana, ananisugua kutoka shingoni mpaka kisiginoni, mwanga unacheza majini, naye anaimba wimbo usio na maneno. Hakuwa na haraka yoyote. Maji yalipita, na siku ilikuwa imesimama palepale. Nilitaka kusema inatosha, nikawa nimelisahau hilo neno. Kitu ndani ya bega kikalegea. Joto likashuka mkononi mpaka kwenye vidole, machozi yakanitoka bila huzuni.

Sikuona malaika, ndugu zangu, sitaki kuwadanganya. Nilisikia mvua, nikasikia mikono ya mtu asiyenifukuza, na nikajua Bwana yumo mle chumbani.

"Sasa ndiyo limekubali," Neema akasema. "Misuli iliyokaza siku nyingi inataka muda imwamini mtu. Kila ukija ulikuwa unaondoka kabla haijaniamini." Akaniambia niinue mkono. Nikauinua, nikashika kilemba changu, kichwa hakijainama.

Jumatano iliyofuata nililieleza benchi zima. Bi Zuhura akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, mwenzangu. Goti linaniua, nilikuwa nakuonea haya wewe." Tukakubaliana anayeingia amalize saa yake, na atakayekosa nafasi aanze yeye wiki ijayo. Mzee Athumani siku hizi anakaa mpaka anasahau kuwa kiuno kilimkataza kukaa. Bega langu bado linanuna siku za baridi, lakini mkono ninao.

Namshukuru Mungu. Na wewe uliyechoka na maumivu, ya mwili au ya nyumbani kwako, mwamini. Ila ukishajilaza mikononi mwake usiinuke upesi. Tunasali harakaharaka, tunasema Bwana nimepata nafuu, hudumia wengine, kana kwamba hana saa ya kututosha sote. Anayo! Walio nje pia anawajua.

Kaka alikuja baada ya mavuno. Alikunywa uji, akamtazama mama, akarudi Lindi peke yake.

Maana asubuhi ile nilimgeuza mama kwa mikono miwili, hakuuma meno. Nikafika mgongoni, akasema kama kawaida yake, "Inatosha, mwanangu." Nikasimama na kitambaa mkononi. Miezi yote ile mama yangu naye alikuwa anapisha bega langu.

Nikamwambia, "Bado, mama. Tulia." Nikaongeza maji ya moto, nikaanza upya kutoka shingoni.