Kamio Iliyoandikwa SIOMBI MUTU

Wandugu na wadada wa kikundi chetu cha bibi na bwana, asante kwa nafasi. Kiongozi amenionyesha kiti, nimekataa. Niacheni nisimame. Habari yangu iko na kiti ndani, na sitaki kukaa kabla haijaisha.

Wengi hapa munanijua. Na kama haunijui, unajua kamio yangu, ile Fuso ya bluu inayopanda Aru na kurudi. Niliacha masomo mwaka wa nne wa primeri, kalamu ilinikataa. Lakini nawaambia: mutu aliyesukuma kinga, baiskeli yenye kubeba samaki ya chumvi toka Kasenyi, akapanda ule mulima wote mupaka Bunia, huyo hana haja ya diploma. Nilisukuma ile kinga miaka sita. Leo niko na depo ya samaki, niko na kamio, niko na nyumba kule Bigo, mabati yake nyekundu, unaiona toka mbali. Nani alinisaidia? Hakuna. Njo maana nililipa mwandishi wa rangi aandike mbele ya kamio, juu ya kioo, maneno mawili kubwa: SIOMBI MUTU.

Musicheke. Wakati ya kucheka inakuja.

Mama ya watoto wangu, yule anakaa pale na kitambaa ya kijani, anaangalia chini kwa sababu amesha jua nitasema nini, nilimukuta sokoni anauzisha unga ya muhogo. Kwao ni upande wa Mahagi. Hatukufanya mambo mingi. Nilimwambia ile vijana wote wanasema: yaka tofanda, kuja tukae pamoja. Akakuja na sakoshi moja ya nguo. Nikasema mahari nitapeleka nikipata. Nikapata. Sikupeleka.

Lakini sikukuwa mubaya, hapana! Kila safari ya Aru, kamio ikipita Mahagi, shoferi wangu anashusha sukari na sabuni kwa wakwe. Nyumba ya baba mukwe ilikuwa ya majani. Nikatuma mabati, misumari, na fundi juu yake. Kushuka mimi mwenyewe, hapana. Niliwaza: niende kupiga magoti kwa watu ninaowafunika na mabati? Mu roho yangu, mahari ilisha isha zamani, tena nilizidisha.

Ikapita miaka ishirini na mbili, watoto wanne. Binti yetu wa kwanza akamaliza masomo ya uuguzi. Kijana mumoja wa familia ya wafugaji akamupenda, na ule kijana hakusema yaka tofanda. Alituma wazee wake. Nilijivuna sana! Nikanunua kiti kubwa ya ngozi, ya ile aina inameza mutu, nikaiweka katikati ya sebule. Pale njo baba ya binti atapokea mahari. Nikaita shemeji yangu, kaka mukubwa wa bibi, toka Mahagi. Kusema kweli, nilitaka aone nyumba.

Siku ikafika. Wageni upande ule, siye upande huu. Nikasimama niende ku kiti yangu. Shemeji akanitangulia, akakaa ndani. Ikamumeza mupaka mabega.

Nikacheka. «Shemeji, ile ni kiti ya baba ya binti.»

«Najua. Njo maana niko ndani.»

«Na mimi?»

«Weye, patro wa kamio, ni nani hapa? Dada yangu ulimuomba kwa nani? Siku gani? Shahidi ni nani?»

«Mabati ya baba yako ni nani alituma?»

Akaangalia wageni, akainua macho ku plafo yangu ya mbao, akasema pole pole: «Bati inazuia mvua, shemeji. Bati haiombe bibi. Asante ya bati tulisha kupa. Mama hajatolewa mahari, basi watoto ni wa kwetu. Mahari ya huyu binti watapokea wajomba wake, ao hakuna atakayepokea.»

Wageni wakaanza kukohoa. Muzee wao akasema, kwa heshima: «Tengenezeni kwanza ya kwenu. Tutarudi.» Wakabeba vitu yao yote, na mbuzi yao. Ile mbuzi ililia toka mulango wangu mupaka barabara kubwa, Bigo nzima ikatoka kuangalia. Binti yangu akaingia chumba, akafunga na ufunguo.

Nilikasirika! Nitaenda komine kumushitaki! Nitatafuta avoka anitetee! Nikaenda jikoni nikiwaza bibi atanisaidia kutukana kaka yake. Alikuwa anachagua muchele. Hakuinua kichwa.

«Baba watoto, unajua kwetu wananiita nani?»

«Si mama ya watoto wangu?»

«Wananiita Ule Alienda. Wadogo zangu waliombwa, kila mumoja iko na jina yake. Mimi ni Ule Alienda. Sikosi kitu mu hii nyumba, kweli. Vyote ulinunua. Lakini haukuniomba.»

Nikatoka inje. Kamio iko mbele ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Nikainua macho: SIOMBI MUTU. Nikaelewa nililipa mutu aandike kosa yangu na herufi kubwa, kisha nikaitembeza miaka yote mupaka Aru.

Nikakuja hapa, munakumbuka. Nikasema niko na swali ya rafiki yangu. Mukacheka wote, juu habari ya mbuzi ilisha fika kabla yangu. Mwalimu wetu muzee, ule alipumzika na kazi, akaniuliza: «Huyo rafiki anaweza kunyamaza siku moja nzima? Mwenye kuomba hasemi. Musemaji wake njo anasema.»

Nikajibu ndiyo. Mama mumoja wa ule upande akapiga kelele: «Uongo!»

Lakini mulipanda na mimi mupaka Mahagi. Barabara ilikuwa tulivu ile wiki. Tulipanga mbao za kukalia mu Fuso, mukaimba njia yote. Tulikuwa na mbuzi, jembe, na blanketi ya mama mukwe. Ngombe tulinunua kule kule. Pale shoferi anashushaka sukari, safari hii nilishuka mimi.

Wakatuacha ku jua, inje, wakati murefu. Nilitaka kusema kitu. Mwalimu akanifinya: «Kinywa!» Kisha wakatuingiza, chini ya mabati yangu mwenyewe, nikakaa ku mukeka. Shemeji akauliza hawa watu wanatafuta nini. Mwalimu akajibu: «Tulichukua moto kwenu bila kubisha hodi. Tumepikia miaka mingi, tumeshiba. Tumekuja kusema.»

Baba mukwe macho yake haioni tena muzuri. Akasema: «Musemaji nimesikia. Sasa mwenye kamio aseme mwenyewe.»

Nikapiga magoti. Mimi naweza kuuzishia samaki mutu asiye na meno. Lakini pale nilipata neno moja tu.

«Naomba,» nikasema.

«Unaomba nini?»

«Naomba binti yenu, baba. Nilimuchukua bila kubisha. Naomba.»

Akaita bibi yangu. «Huyu mutu, unamujua?»

Munajua hii desturi: akijibu hapana, yote imeanguka. Bibi yangu akaniangalia toka viatu mupaka kichwa. Watoto wangu wanne wako pale wanaangalia mama yao. Alichukua wakati yake, wandugu!

«Namujua kidogo,» akasema. «Leo njo namusikia anabisha hodi.»

Mama mukwe akapiga kigelegele, na mujue, akaita binti yake kwa jina.

Wageni walirudi kwetu Bigo na mbuzi yao. Ile kiti ya ngozi, mimi sikuisogelea. Shemeji akaenda moja kwa moja mbele yake. Nikasema mu roho: tena? Akaipangusa na kitambaa, akageuka. «Kaa, mukwe wetu.» Nikakaa, ikanimeza. Nikamwambia ule kijana: «Umeanza na kuomba. Umenishinda.»

Namushukuru mwalimu aliyenifinya; alama iko bado. Nawashukuru wote mulioketi ku mbao. Namushukuru shemeji kwa kuiba kiti yangu. Na bibi yangu, aliyevumilia mutu anayejua kununua tu.

Wazazi, musiandike mahari kama bei ya soko; vijana wengi wanasema yaka tofanda juu wanaogopa karatasi yenu. Na weye kijana, maisha imebadilika, najua. Hata kama hauna kitu, enda ubishe hodi. Kinywa haiuzishwe, kuomba ni bure.

Kamio? Nilimurudilia mwandishi wa rangi. Akauliza tuandike nini mupya. Nikamwambia: futa SI, futa na MUTU. Ikabaki OMBI. Ile akili ilitoka kwangu mwenyewe, mutu wa mwaka wa nne primeri. Mukiiona ku kamio ingine, mujue wameniiba.

Basi, kiongozi, kile kiti ulinionyesha. Naomba nikae.