Orest Hawryliuk, Aliyeitwa Ligi Kuu Kuziba Pengo

Orest Hawryliuk, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 katika shamba la ngano nje kidogo ya Kamsack, Saskatchewan, akiwa kitinda mimba wa Metro na Paraska Hawryliuk. Baridi ya siku hiyo ilikuwa kali hata mkunga akaletwa kwa farasi, maana gari lilikataa katakata kuwaka. Marehemu mama yake alizoea kusema kwamba mtoto alishindwa kumsubiri mkunga, akatoka mwenyewe.

Alisoma katika shule ya kijijini yenye chumba kimoja, kisha sekondari mjini Kamsack hadi mwaka 1966. Walimu walimpenda, ingawa hesabu hazikumpenda. Kuteleza barafuni alijifunzia kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoganda, kaka yake Taras akiwa kipa kwa lazima.

Mwaka 1969 alisajiliwa na klabu ya hoki ya barafuni ya daraja la pili mjini Saint John, pwani ya mashariki, akawa mshambuliaji wa pembeni kwa miaka kumi. Katika miaka hiyo aliitwa juu, yaani ligi kuu, kila mchezaji wa huko alipoumia. Wenzake waliishangilia simu ya namna hiyo. Orest aliipokea kwa furaha, lakini kabla ya kufunga begi alimpigia kwanza yule aliyeumia. Mara nyingi alikuwa Réjean Thibodeau, ambaye goti lake halikumpa raha.

"Unaendeleaje, ndugu yangu?"

"Goti limevimba kama boga. Nenda, lakini usicheze vizuri sana, nina watoto mimi!"

"Ondoa shaka. Lini umeniona nikicheza vizuri?"

Tarehe 9 Januari 1975 alicheza vizuri. Alipenyeza kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki hiyo, katikati ya miguu ya kipa, likawa bao lake la pekee katika ligi kuu. Mechi ilipokwisha alimpigia simu mama yake, aliyekuwa ameikumbatia redio kule shambani.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Huyo mtangazaji hajui kulitamka jina letu. Mwambie!"

Tarehe 12 Julai mwaka huohuo alifunga ndoa na Verna MacAskill, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Cape Breton. Verna alikuwa muuguzi katika chumba cha dharura, ambako Orest aliletwa kila mara kushonwa uso.

"Wewe tena?"

"Mimi tena, sista. Leo nimekuletea nyusi."

Walijaliwa watoto wawili, Larysa na Danylo. Mwaka 1979 walirudi Kamsack kulima. Kila majira ya baridi Orest alifundisha watoto wa mji huu kuteleza, wavulana kwa wasichana. Wengi wenu mliomo kanisani humu aliwashika mikono mkiwa mnalia.

Mwaka 2018 alianza kusahau. Madaktari walisema huenda vipigo vya kichwa vya ujanani vilichangia. Ikafika mahali akawa anaamka asubuhi na kupanga nguo zake.

"Wameniita juu, Verna. Begi langu liko wapi?"

Verna alimweleza ukweli, kwamba aliacha kucheza zamani. Orest alilia kama mtu aliyefukuzwa siku hiyohiyo. Kesho yake akauliza tena, akalia tena. Verna hakutaka kumdanganya mume wake, wala hakuweza kuendelea kumwumiza. Mwishowe akampigia Réjean, ambaye naye alikuwa mzee, akamsimulia yote. Réjean akasema, "Hebu nipe niongee naye."

"Réjean? Goti vipi?" Orest aliuliza.

"Limetulia, mzee wangu. Leo hakuna pengo la kuziba. Kaa nyumbani na Verna."

Orest akashusha pumzi. "Ashukuriwe Mungu," akasema, akaanza kutoa nguo begini. Tangu hapo Réjean alipiga simu kila asubuhi, hadi mwisho. Leo ameketi nasi hapa mbele. Mzee Réjean, familia haina neno la kutosha isipokuwa asante.

Orest alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 3 Machi 2024, baada ya kunywa supu yake ya bitiruti, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Verna.

Ameacha mjane, Verna. Watoto, Larysa na Danylo. Wajukuu, Maeve na Stefan. Na kaka yake Taras. Wako waliomwuliza Verna kama anauchukia mchezo uliomharibia mume. Huwajibu, "Ndio ulioniletea mume huyo."

Baada ya mazishi karibuni ukumbini; akina mama wamepika wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, na Orest asingependa kirudi chochote jikoni.

Mungu ampokee mtumishi wake Orest, na kumbukumbu yake idumu milele.