Kiti cha Pili Chumbani kwa Atupele

Ninyi wanawake wa Kibuta na Soga, mmepotelea wapi? Tumbo linauma mwaka mzima, mnakunywa mizizi na kunyamaza, mnafika Kibaha mmebebwa. Sasa mnamkuta Atupele anafunga virago! Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima matumbo ya wanawake katika kliniki yetu.

Mimi nafua mashuka ya chumba chake, kwa hiyo namjua. Alianza na mashine ya zamani ya kupiga picha za tumbo, picha yake kama mvua ya usiku. Yeye tu ndiye aliyeona kitu humo. Ilipokuja altrasaundi ya pande tatu, watu walidhani ni ya kupigia watoto picha za sura. Atupele akawaambia hata tumbo lisilo na mtoto lina ya kusema. Kipimo chenyewe kinaingia kwa ndani, kupitia ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Basi wapo waliobana mkojo tangu Kisarawe, wakidhani ni kama kile cha zamani cha juu ya tumbo, macho yamewatoka, wanafika wanaambiwa wakakojoe kwanza. Matusi niliyoyasikia, Mungu anajua.

Chumbani aliweka kiti cha pili, kinatazama skrini. Cha nani? Cha yule anayemsema mgonjwa nyumbani, mgonjwa mwenyewe akiridhia.

Ursula wa Kibuta aliridhia. Mimba zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, na mama mkwe wake, Imakulata, alishamwambia mwanawe amrudishe kwao. Nilikuwepo, na shuka safi mkononi. Atupele akaligeuzageuza umbo la mfuko wa uzazi mpaka likatutazama. Ukuta ulishuka katikati kutoka juu, kama chumba kimoja walichogawiwa wapangaji wawili.

“Huo ukuta kaujenga nani?” Imakulata akauliza.

“Kazaliwa nao, mama. Hajakosa kitu.”

Mama mkwe akavua khanga yake ya juu, akamfunika mkwewe miguu.

Ukuta uliondolewa Dar, bila kupasua tumbo. Leo Ursula ana Zablon, mtoto mtundu huyo, juzi kanimwagia ndoo ya sabuni.

Atupele, mwanangu, ahsante. Kalale mchana, ulime bustani yako ya Ruvu, uache kula umesimama. Mungu akutunze kuliko ulivyojitunza mwenyewe.

Kazi anamwachia Aneth. Wakubwa wa kliniki walitaka kukiondoa kile kiti, nikakikalia mpaka wakachoka. Kwa hiyo wewe unayeumwa, safari ijayo usije peke yako na machozi yako. Mlete anayekusema, akae pale, atazame.